Kiti cha Mninga

Jumatatu, 2 Juni

Wakazi wa Majengo, Old Moshi na vitongoji vyake mnatangaziwa rasmi kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, kiti cha choo kimewasili ofisini salama. Ni cha mninga, kimepigwa msasa mara tatu na vanishi mara mbili, na fundi amekileta mwenyewe akiwa amekifunika kanga kama bibi harusi. Mkurugenzi (mimi) amekipokea kwa mikono miwili. Aikande wa ofisini amepiga picha. Primus, msaidizi wangu wa kuongoza wageni, ameombwa akikalie kwa majaribio. Amekaa, akafikiri, akasema, "Bosi, hapa mtu anaweza kusahau kilichomleta."

Kwa faida ya wasiotujua: kampuni yetu ni ndogo. Tuna magari mawili, vyumba viwili juu ya fundi cherehani, na watu wa kupanda nao mlima tunaowaita kazi ikipatikana. Lakini ni ya kifahari. Wenzetu wana mahema mengi, sisi tuna mashuka. Mgeni akifika mlangoni Aikande humpa jani la isale lililofungwa utepe wa dhahabu. Mlimani anakuta chupa ya maji moto kitandani, supu ya maboga mezani, na choo chake binafsi kinachopanda kila kituo mgongoni mwa mtu. Wenzetu wanabeba cha plastiki. Kuanzia leo sisi tuna mninga.

Mbeba choo ni Sirili, kaka wa mke wangu. Ana miaka arobaini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo ameibeba mgongoni. Mwaka huu jina lake limepita kwenye orodha ya usaili wa kozi ya waongozaji, Oktoba 13. Wanataka barua ya mwajiri na rekodi safi. Barua nimeiandika jana, nimemsifu mpaka nikamwonea wivu.

Mlima uko wazi.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi. Mlima umejifunika.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua mke wangu Theodora bado anasoma daftari hili. Ni mwalimu, hawezi kupita kwenye maandishi bila kalamu nyekundu. Neno "kifahari" amelipigia mstari, na pembeni ameandika: *Nyumbani bomba linavuja.*

Naona. Asante, mwalimu.

Ijumaa, 20 Juni

Aikande ameingia ameshika simu kama mtu aliyeshika yai. "Bosi, wamekubali!" Wakala wa Ulaya anatuletea Bibi Ingrid, mama wa miaka sitini na minane aliyepanda milima ya dunia nzima, pamoja na wenzake watatu. Wakishuka wamefurahi, mwaka ujao wageni wote wa wakala huyo ni wetu. Nitapanda nao mwenyewe. Wasipofurahi, narudi kuongoza watu kila wiki kwa magoti haya haya.

Mchana Sirili alikuja kupima mzigo. Choo, tangi, hema lake na dawa: kilo kumi na tisa na nusu. Sheria ya hifadhi ni ishirini. Tukaweka kiti juu. Ishirini na nne.

"Shemeji," Sirili akaniuliza, "plastiki imewakosea nini hawa watu?"

"Plastiki ni baridi, shemeji."

"Basi wasikae muda mrefu."

Aikande alicheka mpaka akashika meza. Nikamwambia Sirili hizo kilo nne na nusu tutazitafutia njia. Akanitazama, akasema, "Njia za mlimani nazijua zote. Hiyo siijui."

Jumatano, 9 Julai

Ukungu siku ya sita. Mashuka hayakauki. Mlima umejifunika.

Ijumaa, 18 Julai. Getini

Mizani ya getini haijui undugu. Mzigo wa Sirili: kilo kumi na tisa na nusu. Askari wa hifadhi ametazama, ameandika, amepita kwa anayefuata. Kila kitu kiko sawa.

Bibi Ingrid ni mwembamba kama ufito na anatembea mbele yangu. Amewasalimia wapagazi wote mmoja mmoja, "shikamoo," hata walio na umri wa wajukuu zake. Wamemjibu "marahaba" kwa furaha kubwa.

Jumamosi, 19 Julai. Shira

Njia kavu. Wageni wamesifu supu. Wamesifu kiti.

Jumapili, 20 Julai. Shira

Leo Wakatoliki wamesali rozari nyuma ya hema la jiko, Sirili akiongoza. Mimi Mlutheri nimesimama pembeni nikijifanya nahesabu vigingi. Kesho ndiyo siku ngumu: tunapanda hadi Lava Tower, mita elfu nne na mia sita, tunakula hapo, kisha tunashuka kulala Barranco. Wapagazi kwa kawaida hawapiti huko, wana njia yao ya chini. Wanaopanda juu ni wale wa chakula cha mchana, na choo.

Kuna mtu anakohoa katika hema la wapagazi.

Jumatatu, 21 Julai. Barranco

Mwandiko leo ni wa kuku.

Saa sita na nusu mchana, pale Lava Tower, Sirili alianguka. Wageni walikuwa wameshakaa mezani. Yeye alitua mzigo, akasimamisha hema la choo, akagonga vigingi vyote vinne, kisha akakaa juu ya jiwe kama mtu anayengoja basi. Primus alimwita mara mbili. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Primus akakimbia, nami nikakimbia kadiri magoti yalivyoniruhusu. Nikaweka sikio kifuani kwake. Ndani kulikuwa na sauti ya sufuria ndogo inayochemka.

Nimeongoza watu miaka ishirini na sita. Sauti ile nimeisikia mara tatu, na mara moja mwenyewe hakufika chini.

Mtungi wa oksijeni ni wa wageni. Nilimvalisha bila kumwomba mtu ruhusa. Tukamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, Primus na vijana sita wakashika, wakaanza kumrudisha Shira ambako gari la uokoaji linaweza kufika. Sirili alikuwa ananitazama. Nilimwambia, "Shemeji, mbele ni mteremko tu." Barakoa ilikuwa imemfunika mdomo. Nikabaki na wageni wanne, nisingeweza kuwaacha.

Saa kumi na moja Primus amepiga simu. Wamefika kwenye gari. Anapumua.

Sirili alificha ugonjwa. Ndivyo ilivyokuwa. Wapagazi huficha, wanaogopa kurudishwa nyumbani. Angesema tu asubuhi, angeshuka kwa miguu yake mwenyewe.

Ijumaa, 25 Julai. Mweka

Tumefika kileleni jana, wote wanne. Hali ya hewa nzuri. Kila kituo Bibi Ingrid ameniuliza habari za yule bwana, na kila kituo nimemjibu kwamba anaendelea vizuri. Jioni hii amenishika mkono akaniambia ataandika mema.

Nilipaswa kufurahi.

Jumapili, 27 Julai

Nimetoka hospitali. Sirili amelazwa kitanda cha dirishani. Theodora alikuwa ameketi kitandani miguuni kwake, ameshika bakuli la mtori.

"Shemeji, unaendeleaje?"

"Napumua," akasema.

Daktari anasema ni maji kwenye mapafu, na angechelewa saa mbili zaidi tungekuwa tunachimba. Theodora akaniuliza mbele yake: "Baba Kindness, ilikuwaje?"

"Ilikuwa ghafla tu," nikasema.

Sirili akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini kidole chake kilikuwa kinakuna shuka.

Jumatatu, 28 Julai

Fomu ya tukio, ya hifadhi. Sehemu ya "Chanzo" wametoa mistari mitatu, mimi nimetumia nusu ya mmoja: *Mpagazi alificha ugonjwa aliokuja nao.* Shahidi ni Primus. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma lugha ya kwao ikiwa imeandikwa na mgeni.

"Bosi, hii ndiyo tunapeleka?"

"Ndiyo hiyo."

Akatia sahihi. Hakusema mzaha wowote, na mtu huyu husema mzaha hata msibani.

Jumatano, 6 Agosti

Mlima umejifunika.

Jumamosi, 9 Agosti

Sisi wenye makampuni tuna grupu letu kwenye simu. Kazi yake kubwa ni kutumiana picha za mbuzi wa ndafu na lawama za barabara. Leo mtu ametuma orodha: "Wapagazi wa kuwa nao makini." Sirili ni wa nne. Mbele ya jina lake wameandika: *huficha ugonjwa.*

Mimi sikuliweka. Fomu yangu ndiyo iliyoliweka, nami ni mtu mwingine na fomu ni kitu kingine. Nimejaribu kuliamini hilo tangu saa tatu asubuhi, na sasa ni saa kumi.

Jumatano, 13 Agosti

Jambo la ajabu. Tangu Julai 21 hakuna wino mwekundu humu ndani. Hata nukta. Leo naandika: *Bomba nimelitengeneza.*

Alhamisi, 14 Agosti

Hakuna jibu. Bomba linavuja kama kawaida.

Jumanne, 19 Agosti

Sirili ameruhusiwa. Theodora amempeleka kwao Rombo, kijijini juu ya Tarakea, kwa mama yao Kornelia. Nilijitolea kuwapeleka kwa gari. Theodora akasema, "Pumzika, una wageni." Sauti yake ilikuwa ya upole. Miaka ishirini na minne ya ndoa imenifundisha kuogopa upole huo kuliko kelele.

Kweli nina wageni. Kiti kimepanda tena mlimani, kwa mgongo mwingine. Kimesifiwa.

Jumanne, 2 Septemba

Vumbi. Mlima uko wazi siku nzima. Nimekaa kwenye kiti kinachotazama upande mwingine.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefungua daftari. Wino mwekundu umerudi. Ukurasa wa Julai 21, pembeni ya maneno "Angesema tu asubuhi," kuna alama moja ya kuuliza. Ndogo, safi, ya mwalimu.

Nilishuka kunywa chai. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Akanimiminia chai, akanisogezea sukari, akaendelea kusahihisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Theodora alikuwa anamenya ndizi. Alisema bila kuinua kichwa:

"Wamemtoa Sirili kwenye orodha."

"Orodha ipi?"

"Ya usaili. Orodha ziko ngapi? Wanasema mtu aliyeficha ugonjwa wake mwenyewe hawezi kukabidhiwa afya ya wageni."

Nikasema, Mungu anisamehe, nikasema: "Wana hoja."

Kisu kikasimama. "Wana hoja," akarudia, "kama walichoambiwa ni kweli." Kisha akaendelea kumenya. Alimenya ndizi za kututosha wiki nzima.

"Amekwambia nini?" nikauliza.

"Sirili? Hajasema kitu. Nikimwuliza anasema, mwulize mumeo, yeye ndiye anayejua kueleza." Akatupa ganda. "Na wewe ni kweli unajua kueleza, Baba Kindness. Harusi nzima ukishika kipaza sauti watu wanalia kwa kucheka."

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwita fundi. Bomba halivuji tena. Sasa usiku nyumba haina sauti yoyote, natamani lingevuja.

Jumamosi, 20 Septemba

Primus ameaga. Alikuja na funguo za stoo, akaziweka mezani juu ya kalenda.

"Nimepata kazi kwa watu wengine, bosi."

"Nimekukosea nini?"

"Mimi? Mimi hujanikosea." Akatazama mlango wa stoo, ambako kiti kimetundikwa ukutani, kinang'aa. "Asubuhi ile Shira nilikuwa mita mbili. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji."

"Na hukusema kitu, Primus."

"Sikusema. Na fomu nikaisaini. Ndiyo maana naondoka. Mimi na wewe tukikaa chumba kimoja tunakumbushana."

Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Nilijaribu kutafuta la kuchekesha la kumuaga nalo. Sikulipata.

Jumapili, 28 Septemba

Leo nilijiona mwerevu.

Sisi Wachaga tuna isale. Mtu akikukosea akakuletea jani hilo, ukalipokea, imekwisha, huwezi kumkatalia msamaha. Baba yangu aliona watu waliokuwa wamekatana mapanga wakikaa kibao kimoja kwa ajili ya jani moja. Nikajiambia: Gidioni, unangoja nini? Nikapita ofisini, nikachukua isale kwenye ndoo ya Aikande mlangoni, nikavua utepe, nikaendesha hadi Rombo.

Mama Kornelia alikuwa uani anachambua maharage. Sirili kando yake, amekonda, koti limemlegea mabegani. Alikuwa akiinuka kuchukua ungo anapumzika kabla ya kukaa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Kiburu kipo, utakula."

Nilianza kula. Tukaongelea kahawa, tukaongelea mvua. Kisha nikasimama, nikatoa isale kwa mikono miwili, nikamwelekea Sirili. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani: "Shemeji, kama kuna mahali popote nilipokukosea, naomba tusameheane."

Sirili akanyanyua mkono. Mama yake akawahi.

"Lete kwanza." Akalichukua jani, akaligeuza mwangani. Pale utepe ulipokuwa pamebaki alama, kama ya pete kidoleni. "Hili si lile mnalowafungia Wazungu mlangoni?"

"Isale ni lile lile, mama."

"Ndiyo, isale ni lile lile. Kosa ndilo silijui." Hakupandisha sauti. "Aliyeiba ng'ombe akija na isale anasema, nimeiba ng'ombe. Aliyesogeza mpaka anasema, nimesogeza, kuanzia mgomba huu hadi huu. Wewe umekuja na jani na 'popote'. Popote ni wapi, baba?"

Nikasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mwanangu akilishika hili hawezi kukukatalia tena," akasema. "Ndiyo maana leo hatalishika. Kaa, umalize chakula."

Sirili hakunitazama. Alikuwa anachambua maharage, moja moja, mabovu huku, mazima kule.

Jumatano, 1 Oktoba

Joto. Sijafanya kazi yoyote ya maana.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemwambia Aikande akae kwenye kompyuta, nimsomee. Barua ya kusahihisha fomu ya tukio, nakala kwa watu wa kozi, nakala kwa wakala, na nyingine kwenye grupu. Alipofika mstari wa tatu akaacha kuandika.

"Bosi. Nikishabonyeza, hairudi."

"Najua."

"Na wakala pia? Bibi Ingrid alishaandika mema."

"Aliandika alichoambiwa. Bonyeza."

Akabonyeza, akaenda kunawa uso. Kwenye grupu wamesoma watu thelathini na wawili. Baada ya saa nzima mmoja akauliza, "Mangi, umelewa?" Nikajibu: "Hapana. Julai ndiyo nilikuwa nimelewa, bila pombe."

Ijumaa, 3 Oktoba

Wakala amejibu mistari miwili. Wamesimamisha mazungumzo. Hifadhi wananiita Jumatano kuhusu mizani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Watu wa kozi wamempigia Sirili mwenyewe. Jina limerudi kwenye orodha. Daktari atampima mapafu kwanza. Nimeyapata kwa Theodora, ambaye aliyasema mlangoni akiwa amevaa kiatu kimoja. Kisha akaniuliza, "Kesho Rombo tunaondoka saa ngapi?"

Alisema "tunaondoka." Nimeliandika nisije nikadhani niliota.

Jumapili, 5 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kihambani, shamba letu la ukoo Old Moshi, nikakata isale kwenye kaburi la baba. Halijawahi kufungwa utepe. Tulipofika Rombo matone ya kwanza ya vuli yalikuwa yanapiga migomba. Mama Kornelia, Sirili, Theodora na mimi tuliketi barazani. Hakuna aliyenikaribisha chakula kwanza, nami nikaelewa.

Niliyoyasema ni haya. Nayaandika kama nilivyoyasema. Yaliyoandikwa humu Julai 21 yasisomwe tena bila haya.

Nilisema: Sirili hakuficha ugonjwa. Mimi ndiye niliyeuficha.

Nilisema: pale getini, kabla ya mizani, nilikivua kiti cha mninga nikakitia kwenye begi langu. Sirili akapimwa kilo kumi na tisa na nusu. Tulipopita kona ya kwanza, askari haoni, nilikitoa nikakifunga juu ya mzigo wake kwa mikono yangu. Hiyo ndiyo njia niliyosema nitaitafuta. Siku nne alipanda na kilo ishirini na nne, nami nilikuwa na begi jepesi nikisimulia wageni majina ya maua.

Nilisema: asubuhi ya Julai 21, Shira, kabla hatujagawa mizigo, Sirili alinifuata kwenye hema la jiko. Wapagazi walikuwa wanakunywa uji, Primus alikuwepo. Akaniambia, "Shemeji, kichwa kinaniuma tangu jana, na kifua kimebana. Naomba leo nipite njia ya chini, mwingine apande na choo." Aliyasema wazi, kwa adabu, mbele ya watu. Mimi nafundisha waongozaji wangu kwamba mtu akitamka maneno hayo mawili, kichwa na kifua, kazi yake imekwisha siku hiyo. Nilikuwa na wanaume wawili wenye nguvu wa kumpokea. Kilichonizuia ni kwamba Bibi Ingrid alikuwa amesimama hatua kumi, ananyoosha miguu, na sikutaka aone mpagazi wa kampuni ya kifahari anarudishwa.

Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilitania. Nilisema, kwa sauti ya kusikika: "Shemeji, kichwa kinatakiwa kimuume mkurugenzi. Wewe umeajiriwa kwa mambo ya upande wa pili."

Watu wote walicheka. Mtu akishachekwa hawezi tena kuomba kitu kile kile mara ya pili. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo kazi niliyoipa mizaha yangu bila kuikiri.

Nilisema: asubuhi hiyo hiyo, mezani, Bibi Ingrid alikuwa ameshaniambia kwamba pale Lava Tower hahitaji choo, kwamba milima yote ya dunia amejisitiri nyuma ya mawe na mawe hayajalalamika. Wenzake wakasema vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyetaka kiti kionekane. Sirili alikibeba mpaka juu, akasimamisha hema, akagonga vigingi vyote vinne, kisha akakaa kwenye jiwe. Hakuna mtu aliyekitumia.

Nilisema: kisha niliandika fomu, nikaandika daftari, kwa kuwa nilijua Theodora analisoma, nikamsingizia kaka yake mbele yake kila alipofungua ukurasa.

Nikamwambia Sirili: "Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikudhihaki ulipoomba kushuka, nawe ukacheka pamoja nasi, ukainama, ukabeba. Kosa langu ni hilo." Nikamnyooshea isale.

Safari hii mama yake hakunyoosha mkono. Alimtazama mwanawe, akangoja. Mvua ilikuwa imeshika. Theodora alikuwa ameshika ncha ya kitenge kama mtu aliyeshika kamba.

Sirili akalipokea jani kwa mikono miwili. Akaliweka gotini, akalinyoosha kwa kidole gumba kutoka shinani hadi nchani.

"Limepokelewa," akasema. "Na maneno yako ni sawa, shemeji. Kasoro moja."

"Ipi?"

"Sikucheka. Nilikuwa nakohoa."